Jenerike za Kuokota

Ninyi vijana mnaotengeneza podikasti hapa Kolwezi, ninyi ndio ninaowasemea leo, nisikilizeni hata kama mtakasirika.

Sina ugomvi na podikasti. Podikasti ni kipindi cha redio kisichongoja mnara wala ruhusa ya mkubwa fulani. Mutu anarekodi kwa simu, anatuma kwa simu, na mwenziwe anasikiliza akiwa ndani ya basi au akingoja zamu ya kazi. Tangu mji wetu ufanywe makao makuu ya Jimbo la Lualaba mwaka 2015, mambo ya kusemwa yamekuwa mengi kuliko vinywa: kobalti, viwanja, mahari, mpira, barabara za vumbi. Vijana wanayasema, tena wanayasema kwa Kiswahili chetu cha hapa, kile cha "njo vile" na "ju ya nini", bila kuona haya mbele ya Kifaransa. Hilo nawapigia makofi.

Ugomvi wangu uko katika zile sekunde 10 za kwanza. Kabla mtangazaji hajafungua kinywa, tunasikia nini? Tarumbeta za kompyuta. Mlio wa radi uliotoka sijui wapi. Sauti ya mzungu inayonguruma kama ya mashine. Halafu "shwaa", kama upanga wa filamu za Kichina, ndipo mtoto wa Manika anasema "jambo yenu bote". Nimesikiliza podikasti tatu za hapa kwetu zenye tarumbeta zile zile, noti kwa noti, na watengenezaji wake hawajuani. Wote waliziokota mahali pamoja, pale kwenye intaneti ambapo sauti zinagawiwa bure kama nguo za mitumba, isipokuwa nguo ya mtumba angalau unaipima mwilini kabla ya kuivaa.

Vijana wananijibu: "Muzee, ile ni jenerike tu, ni kitu kidogo." Hapo ndipo tunapogombana. Jenerike si kitu kidogo. Jenerike ni jina.

Wazee wetu walijua jambo hili kabla umeme haujafika Katanga. Kyondo, ile ngoma ya mti mzima uliochimbwa tumbo kwa kupitia ufa mwembamba, haikuanza ujumbe wake na habari. Ilianza na jina. Nani anaitwa, nani anaita. Ndipo mambo yenyewe yanafuata. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyekaa miaka mingi upande wa Yakusu karibu na Kisangani, aliandika mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1949. Kwa Walokele wa huko, ambao wanakunywa maji ya mto huu huu wetu wa Lualaba baada ya kubadili jina, mwanaume alikuwa na jina lake la ngoma. Lilikuwa jina refu, limebeba la baba yake na la kijiji cha mama yake, na hapakuwa na wawili wa kuchanganya. Mtu aliyeko shambani, maili nzima kutoka kijijini, alisikia noti chache akajua: ni mimi ninayeitwa. Na asiyehusika aliendelea na jembe lake.

Hiyo njo jenerike, ndugu zangu. Kazi ya jenerike ni hiyo hiyo hata leo: mtu anayeosha vyombo, redio au simu iko chumba cha pili, asikie sekunde 5 tu ajue ni kipindi gani na cha nani. Sasa ukiazima tarumbeta iliyokwisha kuazimwa na watu elfu moja, umejiita jina la watu elfu moja. Umesimama mlangoni unapiga hodi kwa jina la jirani.

Wapo watakaorukia maneno haya haraka na kusema: basi tuokote kyondo. Ngoja kwanza. Hapa pana hatari ya pili, na mimi naiona ni kubwa kuliko ya tarumbeta.

Kyondo si pambo. Midomo miwili ya ule ufa haina unene mmoja. Upande mmoja unatoa sauti ya chini, wa pili sauti ya juu, na kwa sauti hizo mbili mpigaji anafuata kupanda na kushuka kwa maneno yenyewe. Inawezekana kwa sababu Kiluba, Kisanga na Kilunda ni lugha za toni: ukibadili wimbo wa neno, umebadili neno. Profesa Burssens wa Ubelgiji aliandika juu ya Kiluba na ngoma ya kuitana tangu miaka ya 1930. Na kwa kuwa maneno mawili yanaweza kufanana kwa toni, mpigaji hapigi neno moja, anapiga msemo mzima ambao wasikilizaji wanaujua, ili maana isipotee njiani. Kiswahili chetu hakina toni. Kwa hiyo, rafiki yangu, kyondo haiwezi kusema Kiswahili. Ukipiga-piga ovyo juu yake ili "kutia ladha ya Afrika" katika podikasti yako, mzee wa Kiluba aliye nyuma ya nyumba anasikia mtu anayebwabwaja. Au anasikia kitu kibaya zaidi.

Kibaya zaidi kimetokea. Redio moja ya mji huu, sitaitaja, ilipata mahali fulani kipande cha ngoma kilichorekodiwa msibani, ikakikata vizuri, ikakiweka mbele ya tangazo la bia. Kwa wiki kadhaa tulitangaziwa msiba kila saa ya chakula cha jioni, na baada ya msiba, bia. Vijana wa studio hawakuwa na nia mbaya. Hawakujua tu kwamba ile ngoma ilikuwa ikisema. Kwa masikio yao ilikuwa makelele matamu ya zamani. Basi, kuokota kwa Wazungu na kuokota kwa babu yako bila kuuliza ni uokotaji ule ule.

Hapo wanainuka wenzangu wengine, na hawa wako ndani ya chama chetu hiki, tunakaa meza moja. Wao wanasema: njo pale! Ndiyo sababu kyondo isiingie ndani ya simu hata kidogo. Ikae chifuni, ikae msibani, ikae katika sherehe ya kumsimika mukubwa. Nawaheshimu, lakini nawauliza: ikae na nani? Mpigaji anayejua misemo hamsini akifa leo, ngoma itabaki chifuni kweli, imenyamaza, kama mtungi uliopasuka. Kyondo haikuwa kitu cha kufichwa. Kazi yake ilikuwa kupeleka habari mbali. Ni chombo cha habari, na ndicho cha kwanza tulichokuwa nacho! Mlio wa msiba na mlio wa enzi uachwe pale ulipo, nakubali. Lakini kuna milio ya kuita watu kazini, ya kuita watu wakutane, ya kumtaja mtu kwa sifa zake. Na kuna kitu ambacho wenzangu wanakisahau: misemo ya ngoma ilitungwa na watu, haikushuka kutoka mbinguni. Mpigaji akiombwa anaweza kukutungia jina la ngoma la kipindi chako, jina jipya kabisa, kwa Kisanga au kwa Kiluba, lenye maana unayoijua na unayoweza kuwaeleza wasikilizaji siku ya kwanza. Hapo hujaiba msiba wa mtu. Umepewa jina, kama mtoto anavyopewa.

Nirudi kwa waokotaji wa intaneti, maana sijamalizana nao. Mnajua mnachookota? Nenda ukatafute "msitu wa Afrika" kwenye hazina hizo za sauti, kisha usikilize kwa masikio yako, si kwa jina lililoandikwa. Hollywood, ilipotengeneza filamu zake za Tarzan, iliweka ndani ya msitu wa Afrika sauti ya ndege anayecheka kama mwenda wazimu. Ndege huyo anaitwa kookaburra, na kwao ni Australia. Hajawahi kukanyaga Afrika. Vizazi vizima vya watu duniani vimekua vikiamini kwamba sisi tunaamshwa asubuhi na ndege huyo. Na kuna yule mtu anayepiga ukelele wa kufa, uliorekodiwa Marekani kwa filamu moja ya mwaka 1951. Ukelele ule ule, wa koo lile lile, umetumiwa katika filamu nyingi mno, hata zile za vita vya nyota. Wenyewe wenye sinema wanacheka wakiusikia, kwao umekuwa utani. Kwetu utaletwa kwa masimulizi ya mchimbaji aliyefukiwa na udongo. Huyo mchimbaji ana mama yake, naye ana simu.

Na msitu gani tena? Kolwezi iko juu ya mita 1 400, katika nchi ya miombo na nyasi na vichuguu. Hatuna nyani wa kupiga makelele nyuma ya kila neno.

Wengine wamefanya kazi hii wakafaulu, na hawako mbali. Jirani zetu wa Zambia, ambao shaba yao na yetu ni mshipa mmoja uliokatwa na mpaka, walichukua mlio wa tai mla samaki, yule aliye katika bendera yao, wakaufanya alama ya redio yao ya taifa. Tai huyo yuko pia kwenye maziwa ya Upemba, analia hivyo hivyo, ila sisi hatukumpa kazi. Tanzania walifanya zaidi: kwa miaka na miaka taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam ilifunguliwa na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyepiga ngoma nyingi peke yake na ambaye mwaka 1970 alifika mpaka maonyesho ya Osaka, Japani. Mtanzania wa umri wangu ukimpigia ngoma zile kwa vidole juu ya meza, anakaa wima kungoja habari. Waingereza nao walipanda na maikrofoni juu ya paa linaloikabili kengele kubwa ya mjini kwao, Big Ben, usiku wa kufunga mwaka 1923, na redio yao ikawa na sauti ya mji wao. Hawakwenda kununua kengele ya Paris.

"Hatuna vyombo, hatuna pesa." Wimbo huu nimeuchoka, na Katanga ndiyo fasi ya mwisho duniani inayoruhusiwa kuuimba. Mwenda Jean Bosco alikuwa na gitaa moja alipokutana na Hugh Tracey pale Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Alichokipiga siku zile watu wa gitaa wanakisoma mpaka Ulaya na Marekani. Vijana wa karindula wamechukua pipa la mafuta, wakalifunika ngozi ya mbuzi, wakatia mti na nyuzi, wakapata banjo kubwa kuliko mtu anayeipiga. Pipa lilikuwa takataka ya kampuni. Baba zetu wa kambi za madini walipoona bendi za askari na tarumbeta zao, walicheza Mbeni. Waliiga, ndiyo, lakini waliiga kwa mapafu yao wenyewe, wakageuza gwaride likawa ngoma na wakawacheka maofisa humo humo. Mimi sikatazi kuazima. Nakataza kuazima kitu kilichokwisha tafunwa.

Na Mufwankolo je? Wale wa Lubumbashi, wakiongozwa na Odilon Kyembe, walijaza redio na televisheni ya Katanga kwa michezo ya Kiswahili cha watu, wakati wenye masomo walikuwa wakisema lugha ile ni ya jikoni. Hawakuanza na maandishi ya kukariri. Walikaa pamoja, wakachukua msemo mmoja, wakaujengea mchezo kwa kuongea na kubishana. Johannes Fabian aliwafuata mwaka 1986, akaandika kitabu kizima juu ya mchezo wao mmoja, kikatoka mwaka 1990. Sasa mtu anitajie kifaa cha bei ghali walichokuwa nacho, ambacho simu ya leo haina.

Tuache habari za wengine, tuuangalie mji wetu kwa masikio. Kolwezi ina sauti gani?

Ilikuwa na king'ora cha kazi. Kila mtoto wa mfanyakazi wa Gécamines alikijua kuliko kengele ya kanisa. Kwa king'ora mama aliweka sufuria motoni, kwa king'ora baba alitoka. Mgodi wa Kamoto ulianguka Septemba 1990, uzalishaji ukafuata, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa kampuni wakapewa pesa za kuondoka, ambazo walizipokea kwa mkono mmoja na machozi kwa mkono wa pili. Siku ving'ora vilipozoeleka kutosikika, mji ulipoteza saa yake. Nani alikirekodi kile king'ora? Nimeuliza. Kila mzee ananiigia kwa mdomo, na kila mmoja anakiiga tofauti. Hata kuiga kule, kijana, kungekuwa jenerike: wazee watano, kila mmoja na king'ora chake cha mdomo, mmoja baada ya mwingine. Sekunde 8. Hakuna kompyuta ya Marekani itakayokupa hiyo.

Ina kinu. Jioni, sombe inatwangwa, bamama wawili kwa kinu kimoja, mchi unapanda mwingine unashuka, na ukisikiliza utaona hawagongani kamwe, na anayechelewa anachekwa. Ina mwiko unaopigwa ukingoni mwa sufuria bukari ikiiva. Ina baiskeli ya makala yenye mnyororo mkavu. Ina pikipiki, lahaula, pikipiki! Ina magunia ya madini yanayotupwa juu ya mzani. Sauti hiyo wachimbaji wanaijua kwa tumbo, kwani baada yake muzani unasema na mununuzi anasema na hawasemi kitu kimoja. Ina Kasulo, ambako watu walichimba ndani ya viwanja vyao mpaka chini ya vyumba vya kulala, na ambako mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na watu wakahamishwa. Mtaa ukihamishwa, nyumba zinaweza kujengwa tena mahali pengine. Sauti ya mtaa, nani alihama nayo?

Na chini ya hayo yote iko sauti ya zamani kuliko mji, ya waliokula shaba kabla ya kampuni. Basanga walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, wakavuvia kwa mivukuto ya ngozi; Monsinyori de Hemptinne alichapa maelezo yao mwaka 1926, akawaita walaji wa shaba. Maelezo mazuri. Lakini karatasi haipumui, na mvukuto ni pumzi: mbili, mbili, mbili, bila kukatika, kwani moto ukikosa pumzi shaba inaganda tumboni mwa tanuru na kazi ya siku imekwisha bule. Fundi wa chuma mwenye mivukuto akipatikana bado kijijini, huyo ni jenerike tayari ya kipindi chochote kinachosema habari za madini. Kwanza ina mapigo, pili ina ukweli.

Basi fanyeni hivi. Nasema kama mtu aliyekwisha kuharibu betri nyingi.

Rekodi alfajiri, kabla malori hayajaamka. Ngoma usiisogelee, simu ikiwa karibu sana inasongwa na pigo la kwanza na yote yanageuka makelele. Simama hatua nne au tano, rekodi, sikiliza kwa kofia za masikio, sogea. Kinu ni kinyume chake: kisogelee, lakini weka simu juu ya nguo iliyokunjwa, si juu ya udongo, kwani udongo unapiga simu teke. Acha kimya mwanzoni na mwishoni, utakihitaji wakati wa kukata. Rekodi pia nusu dakika ya fasi yenyewe bila mtu kusema; kimya cha Dilala si kimya cha kijijini. Kukata na kupanga, programu ya Audacity ipo tangu mwaka 2000, haidai hata faranga.

Milio ya kuigiza msitafute mbali. Mvua ni maharage makavu yanayozungushwa polepole juu ya ungo. Moto ni karatasi ya plastiki ngumu inayofinyangwa karibu na sikio la simu. Nyayo za mtu ni sinia yenye changarawe na viatu viwili mkononi. Mtu aliye ndani ya shimo la mgodi, mweke aseme ndani ya mtungi mtupu. Mtungi mdogo unafanya shimo jembamba, mtungi mkubwa unafanya pango. Watoto wangu wanayajua haya kwa mchezo, na wanacheka zaidi wakiyafanya kuliko wakisikiliza.

Jambo moja linawapita wengi. Simu ndogo ya bei rahisi, ambayo ndiyo iko mifukoni mwa wasikilizaji wenu, haitoi sauti nzito. Inazimeza. Na kyondo, nimekwisha kusema, inasema kwa mbili: ya chini na ya juu. Simu ikimeza ya chini, ngoma inabaki na kigugumizi, jina lako limekatwa nusu. Kwa hiyo kabla ya kutoa jenerike yako, usiipime kwa spika kubwa za rafiki yako. Ipime kwa simu ya mama yako, sokoni, mchana. Kama haisikiki, mwombe mpigaji apige kwa fimbo ngumu zaidi ili ule mlio wa mti wenyewe utoke, au achague kyondo ndogo. Na iwe fupi. Sekunde 6 zinatosha. Jenerike ya dakika nzima ni hotuba ya mtu asiye na la kusema.

Linabaki swali la mali, na hapa sitapunguza sauti. Nchi yetu ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986. Ninyi mnaookota tarumbeta mnajua vizuri kwamba mwenye tarumbeta akiamka, mashine ya YouTube inanyamazisha kipindi chenu. Nimesikia vilio vyenu. Mnaogopa mashine ya California. Lakini mpigaji wa kyondo, ambaye hana mashine, mnamrekodi kwa soda moja na "asante muzee". Ngoma na nyimbo za Baluba na Bakanyok alizorekodi Tracey mwaka 1952 na 1957 ziko katika maktaba ya muziki huko Afrika Kusini. Alizokusanya Jos Gansemans kwa Baluba na Balunda ziko Tervuren. Wazungu wale angalau waliandika mahali, mwaka na mara nyingi jina. Je, faili iliyo katika simu yako inaitwaje? "ngoma2_final". Ya nani? Ya wapi? Inasema nini?

Haraka nayo iko. Miti myekundu, jamaa ya mulombwa, ambayo mafundi wanapenda kuichonga ngoma, inakwenda makala, na ndugu yake mukula tumeuona miaka ya 2010 ukipita kwa malori kuelekea nje, gogo juu ya gogo. Wapigaji nao ni wachache na hawazai wapigaji.

Kwa hiyo nataka chama chetu kiache kugombana juu ya kama kyondo iingie au isiingie ndani ya simu, kifanye kazi hii kiangazi hiki, barabara za Lubudi na Kapanga zikipitika. Kila mwenye podikasti aje na jina la kipindi chake na maana yake. Twende naye kwa mpigaji. Mpigaji atunge, aseme maneno yake kwa kinywa kwanza, ndipo apige, na yote mawili yarekodiwe. Alipwe siku ile ile mkononi, kiasi walichopatana mbele ya mashahidi wawili, na karatasi iandikwe kama tunavyoandika ya kiwanja. Na mwisho wa kila kipindi, kila kipindi, si cha kwanza tu, mtangazaji ataje jina la mpigaji na kijiji chake, kabla ya kutaja lake mwenyewe.

Atakayeona hayo ni kazi nyingi kwa sekunde 6, aendelee na tarumbeta zake. Tutamtambua kwa kutomtambua.